Jinsi Ubongo wa Mtoto Unavyojifunza Kusoma

Mtoto huzaliwa na ubongo ulio tayari kupokea lugha ya kusemwa. Akikulia kati ya watu wanaozungumza, ataanza kusema bila kukalishwa darasani, na akifika miaka mitano atakuwa anasimulia, anabishana na kuuliza maswali kwa lugha ya nyumbani kwao. Kusoma hakuji hivyo. Maandishi ya kale zaidi yanayojulikana, ya Wasumeri katika nchi ambayo leo ni Iraki, yana umri wa miaka 5,000 na kidogo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wasomaji walikuwa wachache. Hapo hapakuwa na muda wa kutosha kwa ubongo wa binadamu kujipatia kiungo maalumu cha kusomea. Kila anayejua kusoma amejengewa uwezo huo kwa kufundishwa, na namna alivyofundishwa huchangia sana kuamua kama ujenzi huo utakamilika mapema, utachelewa au utaishia njiani.

Kwa hiyo mtoto aliyefika darasa la tatu bila kujua kusoma asihukumiwe haraka kwamba ana kichwa kizito. Mara nyingi kuna hatua iliyorukwa katika kumfundisha, na utafiti wa ubongo umesaidia kuonyesha hatua hizo ni zipi na zinafuatanaje.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Mwaka 1892 daktari Mfaransa Joseph Jules Dejerine alieleza habari za mgonjwa aliyepatwa na kiharusi na ghafla akashindwa kusoma. Mgonjwa huyo aliona vitu vizuri, alizungumza vizuri, hata kuandika aliweza, lakini alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe hakuweza kukisoma. Alipofariki, uchunguzi ulionyesha kuwa ubongo wake ulikuwa umeharibika upande wa kushoto, kwa nyuma. Karne moja baadaye, mashine zinazopiga picha za ubongo ukiwa kazini ziliwawezesha wanasayansi Stanislas Dehaene na Laurent Cohen, nao pia Wafaransa, kuonyesha mahali penyewe. Ni eneo dogo lililo chini ya upande wa kushoto wa ubongo, kuelekea kisogoni, ambalo huamka kila msomaji anapoona neno lililoandikwa. Eneo hilo hupatikana karibu mahali pale pale kwa msomaji wa Kifaransa, wa Kichina na wa Kiebrania. Mtoto anayesoma herufi za Kiarabu chuoni na herufi za Kilatini shuleni hatumii vichwa viwili.

Kwa mtu asiyejua kusoma, eneo hilo lina kazi nyingine: kutambua sura za watu, vitu na maumbo. Dehaene anaeleza kwamba kusoma huliazima eneo hilo na kulipa kazi mpya. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watu wazima wa Brazili na Ureno: wasiojua kusoma kabisa, waliojifunza ukubwani, na waliojifunza utotoni. Waliojua kusoma, hata wale waliojifunza ukubwani, eneo lao la maneno lilikuwa limeamka, na sehemu za ubongo zinazochambua matamshi nazo zilifanya kazi kwa nguvu zaidi. Kusoma, basi, hubadilisha jinsi mtu anavyoona na anavyosikia.

Kazi ya zamani ya eneo hilo huacha alama yake kwa mwanafunzi mpya. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto, na ubongo umezoea kupuuza tofauti hiyo. Herufi b na d zinavunja kanuni hiyo, kwa kuwa kinachozitenganisha ni upande tu. Mtoto wa miaka sita anayezichanganya, au anayeandika herufi kinyumenyume, hafanyi hivyo kwa uzembe. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa muda: b ifundishwe hadi ikolee, d ije wiki kadhaa baadaye, na kila moja iandikwe kwa mkono huku sauti yake ikitamkwa.

Msomaji mchanga huanza na umbo la herufi, akapata sauti yake, kisha kwa sauti akafikia maana ambayo tayari anaijua kwa kusikia. Njia hiyo ikipitiwa mara nyingi huwa nyepesi, mpaka neno linaeleweka papo hapo linapoonekana. Mafunzo yote ya kusoma yanalenga kuifungua njia hiyo na kuifanya iwe ya haraka.

Sikio hutangulia jicho

Maandishi ya alfabeti husimama juu ya wazo kwamba neno linaweza kuvunjwa katika sauti moja moja. Kwa aliyezoea kusoma jambo hilo ni dhahiri, ila halijitokezi lenyewe. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwachunguza watu wazima nchini Ureno ambao hawakuwahi kusoma, na wengine wa mazingira yale yale waliojifunza kusoma ukubwani. Walipoombwa kuondoa sauti ya kwanza ya neno au kuongeza nyingine, wasiojua kusoma wengi walishindwa, na waliojifunza wengi waliweza.

Silabi ni rahisi zaidi kuliko sauti moja moja. Mtoto wa miaka mitano atapiga makofi matatu kwa neno *kitabu* bila taabu: ki-ta-bu. Akiulizwa neno hilo linaanza na sauti gani, huenda akajibu *ki*. Hapo ndipo mwalimu anapoanzia. Utamaduni wa Waswahili umejaa mazoezi ya sikio ambayo darasa linaweza kuyatumia: vina vya nyimbo za watoto, vitendawili, na mchezo wa kinyume, ambao huitoa silabi ya mwisho na kuitanguliza, hivyo *paka* ikawa *kapa* na *kitabu* ikawa *bukita*. Mtoto anayeweza kucheza kinyume tayari ameanza kulishika neno na kulivunja vipande.

Kutoka hapo mwalimu hushuka hadi kwenye sauti. Anasema *bata* na kuwataka watoto wabadili sauti ya kwanza: *kata*, *pata*, *nata*. Anatamka m… a… m… a polepole, nao wanaunganisha. Anauliza ni neno gani kati ya *simba*, *sahani* na *kuku* lisiloanza kama wenzake. Mazoezi haya hayahitaji kitabu, na dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha. Yakienda sambamba na kuonyeshwa herufi, huzaa matunda zaidi.

Faida ya tahajia ya Kiswahili

Kwa muda mrefu walimu wa nchi nyingi wamebishana kama mtoto aanze na herufi na sauti zake au akariri maneno mazima. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Bruce McCandliss akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio lililotumia maandishi ya kubuni. Watu wazima walifundishwa baadhi ya maneno kwa kuangalia herufi na sauti zake, na mengine kwa kukariri umbo zima. Kwa njia ya kwanza waliweza kusoma hata maneno ambayo hawakuwahi kuonyeshwa, na ubongo wao ulifanya kazi upande wa kushoto, ule unaotumiwa na wasomaji wazuri. Kwa njia ya kukariri, kazi iliegemea upande wa kulia. Maandishi yale yale, njia mbili za kuyafundisha, na ubongo ukayashughulikia kwa namna mbili tofauti.

Njia ya sauti ina nguvu zaidi katika lugha ambayo tahajia yake haidanganyi. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya. Watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kihispania, baada ya mwaka mmoja tu wa shule, walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Watoto waliosoma Kiingereza huko Uskoti walipata karibu theluthi moja. Kiswahili kiko upande wa Kifini na Kihispania. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake popote ilipo, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Mtoto akishajua sauti za herufi, neno lolote la Kiswahili liko mikononi mwake, hata lile ambalo hajawahi kuliona.

Jedwali la *ba, be, bi, bo, bu* lina msingi imara, kwa kuwa linaanzia kwenye silabi ambayo sikio huishika upesi. Hatari yake ni kugeuka wimbo. Darasa zima linaweza kuimba jedwali huku macho yakiangalia dirishani. Mwalimu atajua ukweli akionyesha silabi bila mpangilio, *bo* kisha *ba* kisha *bu*, na akiwaonyesha watoto kwamba *ba* imeundwa na b na a, ili waweze wenyewe kuunda *da* na *fa*. Inafaa pia kuanza na sauti ya herufi kabla ya jina lake, maana mtoto anayetaja majina *be* na *a* hawezi kwa majina hayo kufika kwenye *ba*.

Hata hivyo Kiswahili kina magumu yake. Kuna sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny. Kuna ng ya *ngoma* na ng' ya *ng'ombe*. Kuna m inayosimama kama silabi peke yake katika *mtu*, lakini si katika *mwana*. Utafiti wa Katie Alcock na Damaris Ngorosho kuhusu watoto wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kujifunza tahajia ya Kiswahili si jambo dogo kwa mtoto, pamoja na ukawaida wake. Zaidi ya hayo, mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi l na r ataandika *kurara* kwa *kulala*, na ambaye hana dh ataandika *zahabu*. Hajakosea kusoma, anaandika anavyosikia. Anahitaji kuzoezwa sikio na ulimi kwanza, kisha kalamu.

Nafasi finyu ya kumbukumbu

Akili inapofanya kazi hushikilia mambo machache kwa wakati mmoja. Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 jinsi kumbukumbu hii ya kazi inavyofanya kazi, na Nelson Cowan, katika uchambuzi wake wa mwaka 2001, alikadiria kwamba mtu mzima hushika takribani mambo manne. Mtoto hushika machache zaidi.

Neno *hawakutuambia* lina silabi saba. Mtoto anayevuta kila silabi kwa taabu atakuwa ameipoteza *hawa* kabla ya kufika *ambia*, na mwisho wa neno hatajua limesema nini. Hilo ndilo linalofanya kusoma kwa ufasaha kuwa zaidi ya mwendo wa kasi. Silabi zikitambulika zenyewe, akili hupata nafasi ya kufuata maana. Kiswahili hujenga maneno kwa vipande vinavyojirudia, hivyo watoto walioshika silabi wazoezwe kuona *wana-*, *ali-*, *hatu-* na *hawaku-* kwa mara moja, kila kimoja kama kipande kizima. Kusoma kifungu kifupi kile kile mara tatu au nne kwa sauti huleta wepesi haraka kuliko kurukia kifungu kipya kila siku. Na kwa kuwa neno moja la Kiswahili huweza kubeba mzigo wa sentensi nzima ya Kiingereza, idadi ya maneno kwa dakika katika lugha hizi mbili hailinganishwi.

Ufinyu huo wa kumbukumbu ndio unaodai somo liende kwa hatua ndogo: herufi chache mpya kwa wiki, marudio ya zile za nyuma kila siku, na vifungu vya kusoma vyenye herufi ambazo watoto wamekwisha kufundishwa. Mtoto akipewa kifungu chenye herufi asizozijua hujifunza kubahatisha kwa kuangalia picha, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni ngumu kuing'oa.

Nguzo nne za kujifunza

Katika kitabu chake cha mwaka 2018, Dehaene anataja mambo manne ambayo bila hayo ubongo haujifunzi vizuri: umakini, ushiriki, kurekebishwa kosa, na uimarishaji.

Umakini wa mtoto ni mfupi. Mwalimu huuelekeza kwa kidole au fimbo ya kuonyeshea, herufi moja baada ya nyingine, na kubadili zoezi kabla watoto hawajachoka.

Ushiriki ni mgumu katika darasa la watoto 80 au zaidi, kama yalivyo madarasa mengi ya umma. Kuitikia kwa pamoja huwaficha wasiojua. Njia bora ni kila mtoto aandike silabi iliyotamkwa kwenye kibao, kwenye karatasi au mchangani, kisha wote waonyeshe kwa pamoja, mwalimu apitishe jicho. Wasomeane pia wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akifuatisha kwa kidole. Kuandika kwa mkono kuna faida ya pekee. Karin James na Laura Engelhardt wa Marekani walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miaka mitano wasiojua kusoma, baada ya kuchora herufi kwa mkono huru, waliamsha sehemu za ubongo zinazotumika kusoma kuliko walipozifuatisha kwenye mistari iliyochorwa au kuzibonyeza kwenye kibodi.

Kosa lirekebishwe papo hapo na kwa utulivu: mwalimu hutaja sauti sahihi, mtoto huirudia, kisha husoma neno upya. Kosa humwonyesha mwalimu mahali palipo pagumu. Mtoto anayeogopa kuchekwa au kuchapwa hutumia kumbukumbu yake finyu kushughulikia hofu, na nafasi ya herufi hupungua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na kwa upande wa kusoma sababu iko wazi: kiboko hakifundishi sauti ya herufi yoyote.

Uimarishaji hutaka marudio yaliyotawanywa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau upesi jambo alilojifunza mara moja, na jinsi marudio ya siku tofauti yanavyolihifadhi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba kujaribu kukumbuka jambo hulitia akilini kwa muda mrefu kuliko kulisoma tena. Kwa hiyo dakika 15 za kusoma kila siku hushinda saa nzima ya Ijumaa, na swali "hii ni herufi gani?" hushinda kumwambia mtoto jibu. Usingizi nao hushiriki, maana ubongo hupanga usiku yaliyopokelewa mchana. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake: kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti kila jioni.

Sauti bila maana

Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili yanayozidishwa: kuyatamka maandishi na kuielewa lugha. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto anayeongea Kisukuma au Kimaasai nyumbani anaweza kujua silabi zote na kusoma *mawimbi ya bahari* bila kosa, pasipo kuwa na picha yoyote kichwani. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari za mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walielewa na kukumbuka habari hizo kuliko wasomaji wazuri wasioujua.

Kwa sababu hiyo, hadithi za kusimuliwa na kusomewa kwa sauti zina haki yao katika somo la kusoma tangu siku ya kwanza. Mwalimu husoma, husimama kwenye neno jipya, huonyesha kitu chenyewe au kukiigiza, na kuwauliza watoto wanadhani nini kitafuata. Panapowezekana, mtoto aanze kusoma katika lugha anayoielewa. Sera ya Kenya inaruhusu lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na ujuzi wa kuunganisha herufi na sauti huhamia katika lugha ya pili.

Tathmini za mpango uitwao Uwezo nchini Kenya, Tanzania na Uganda zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hushindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Tanzania ilianzisha mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliosisitiza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na mwaka huo huo Kenya ilieneza mpango wa Tusome nchi nzima. Katika juhudi hizi zote mbili kulikuwa na mambo matano yaliyobainishwa na jopo la kitaifa la Marekani mwaka 2000: utambuzi wa sauti, uhusiano wa sauti na herufi, ufasaha, msamiati na ufahamu.

Mambo ya kuacha

Jina la ubongo limetumika pia kuuza mambo yasiyo na msingi. Imeenea dhana kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho, wengine kwa masikio na wengine kwa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuiunga mkono. Kila mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kuona herufi, kusikia sauti na kuandika kwa mkono. Vilevile hakuna mtoto wa "ubongo wa kulia" au "wa kushoto", kwa kuwa kusoma hutumia pande zote mbili zikishirikiana.

Anayechelewa

Mtoto anayechelewa apimwe kwanza macho na masikio, na iulizwe kama huja shuleni amekula, kwa kuwa njaa hupunguza umakini wa mtoto yeyote. Yote hayo yakiwa sawa, inawezekana ana disleksia, tatizo la ubongo katika kushughulikia sauti za lugha, ambalo mara nyingi hurithiwa na halihusiani na upungufu wa akili. Katika lugha zenye tahajia ya kawaida, dalili yake kubwa ni usomaji wa polepole mno, si makosa mengi, kwa hiyo mwalimu anayesikiliza makosa tu anaweza asiitambue. Msaada wake ni njia ile ile ya sauti na herufi, kwa hatua ndogo zaidi, marudio mengi zaidi, na ndani ya kikundi kidogo.

Upimaji mfupi kila muhula, mtoto mmoja mmoja, huonyesha tatizo liko wapi. Asomeshwe herufi zisizo katika mpangilio, silabi, maneno ya kubuni kama *tebo* na *fulimo*, kisha kifungu kifupi chenye maswali. Anayeshindwa herufi anahitaji kurudishwa kwenye sauti. Anayesoma maneno ya kawaida lakini akashindwa *tebo* amekariri, hajasoma. Anayesoma yote kwa usahihi ila polepole anahitaji mazoezi ya ufasaha. Na anayesoma kwa wepesi bila kujibu swali hata moja anahitaji lugha: mazungumzo, hadithi na maneno mapya kila siku.